Likizo imekwisha, na huyu ni wa pili

Jumatano moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kibokoni nikichagua mchele, nikamwona binti wa marehemu mdogo wangu anakuja ameambaa ukuta akifuata kivuli. Mkono mmoja alikuwa amempakata mwanawe mchanga ndani ya leso. Mkono wa pili alimshika kifungua mimba wake wa miaka minne, ambaye alikuwa akilia kwamba naye abebwe. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi. Nikampa yule mkubwa kaimati mbili zilizobaki, akanyamaza. Mama yake akawa ametazama chini, hasemi neno.

"Mama mkubwa," akasema hatimaye, "zimebaki siku kumi na moja."

Sikumwuliza siku za nini. Msomaji, kama umewahi kuajiriwa na ukazaa, hesabu hiyo unaijua. Mama aliye katika likizo ya uzazi huhesabu siku kama mfungaji anavyohesabu siku za kufikia Idi, tofauti ni kuwa yeye huomba zisifike.

Binti huyu ni karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha kwenye Barabara ya Nkrumah. Alipomzaa wa kwanza alikuwa bado anakaa hapa hapa Mji wa Kale, katika nyumba hii, na mama yake alikuwa hai. Saa saba mchana alikuwa akitoka ofisini, anapita karibu na Ngome, na katika dakika kumi amefika nyumbani. Ananyonyesha, anakula, anarudi kazini. Mtoto alikuwa na nyanya, na shangazi, na majirani, na mimi. Ukimtafuta hukujua yuko nyumba gani.

Huyu wa pili amezaliwa katika hali nyingine. Kodi za nyumba ziliwahamisha, yeye na bwanake sasa wanakaa Likoni. Mama yake alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Kutoka kwake hadi ofisini kuna matatu, kuna feri, kuna msongamano wa asubuhi ambao hata mtu mzima asiye na mzigo huuhofia.

"Wa kwanza alilelewa na mtaa mzima," akaniambia. "Huyu ana mimi na babake tu. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko hapa mkobani."

Nilimwomba barua hiyo aniachie mimi kwa muda wa wiki moja. Nilimwambia kwamba kama wiki ikiisha na bado anaitaka, nitamrudishia mwenyewe na sitamlaumu. Alinipa. Leo ningependa kuwaeleza wasomaji tuliyozungumza katika wiki hiyo, kwa sababu najua kuna akina mama wengi wenye barua kama ile katika mikoba yao, na kuna akina baba ambao hawajui kwamba imeandikwa.

Si kweli kwamba wa pili ni rahisi

Watu humwambia mama wa watoto wawili, "Wewe ni mzoefu sasa, huna shida." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini yanamzidishia upweke. Ni kweli kwamba wa pili hatushtui akipiga chafya, na kumwosha hatutetemeki. Lakini mikono ni ile ile miwili. Usiku unapoamshwa na mchanga, asubuhi unaamshwa na mkubwa. Zamani ulilala mtoto alipolala. Sasa huyu akilala yule yuko macho.

Na msaada nao hupungua. Kwa uzazi wa kwanza jamaa wote huja. Mzazi hukandwa maji ya moto, hufungwa mkaja, huletewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku mpaka arobaini itimie. Kwa wa pili, wengi huja siku ya saba, hula, huomba dua, na kwenda zao. Hawana ubaya. Wanadhani mwenyewe amejua.

Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nilimzaa wa pili mwaka 1993, nikiwa karani katika ofisi moja hapa kisiwani. Wakati huo sheria ya ajira ya mwaka 1976 ilitupa miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka ule. Nilirudi kazini siku ya Jumatatu, mtoto akiwa na wiki nane na siku chache. Kufika saa nne maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi. Nilivaa buibui langu nikakaa nalo ofisini siku nzima katika joto la Februari ili wanaume wasione. Hapakuwa na chumba cha kujisitiri. Nilikamua maziwa chooni nikayamwaga, na nikalia, kisha nikarudi kwenye mashine yangu ya chapa. Nyumbani, binti yangu mkubwa hakunisemesha kwa siku tatu. Alikuwa akinitazama tu, halafu anakwenda kukaa kwa nyanyake.

Siyasemi haya ili kijana wa leo ajione ana raha. Nayasema kwa sababu sheria imebadilika, na wengi hawajui imebadilika kwa kiasi gani.

Haki zako ni zipi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Haimwondolei tena likizo yake ya mwaka, ambayo si chini ya siku 21 za kazi. Tena, mwajiri akikubali, mama anaweza kuiunganisha likizo hiyo ya mwaka na ya uzazi, ikafuata papo hapo. Kwa hivyo aliyejiwekea siku zake anaweza kukaa na mwanawe karibu miezi minne. Lakini ni lazima ampe mwajiri taarifa ya maandishi, siku zisizopungua saba kabla, ikieleza siku atakayoanza likizo na kwamba atarudi kazini. Usitegemee maneno ya mdomo. Andika, weka nakala.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mama akirudi ana haki ya kazi ile ile aliyoiacha, au nyingine inayomfaa na ambayo masharti yake si duni kuliko ya kwanza. Na ujauzito, au jambo lolote linaloambatana nao, si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Katiba ya mwaka 2010 nayo imeutaja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi nimewaona wakishangaa wakilisikia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, penye maji ya kunawa mikono, kifaa cha kuhifadhia ubaridi, umeme, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Na mahali hapo pasiwe chooni. Sheria imelitaja hilo waziwazi. Aidha, mama anayenyonyesha hupewa mapumziko ya kunyonyesha mbali na yale ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, nayo huhesabiwa kuwa saa za kazi zenye malipo.

Nilipomsomea binti yangu hayo, alicheka. "Mama mkubwa, ofisi yetu hata chumba cha kulia chakula hakuna."

Ni kweli. Sheria kuwapo na sheria kufuatwa ni mambo mawili. Lakini anayeijua haki yake huomba kwa namna nyingine kuliko asiyeijua. Hakuhitaji kuwadai jengo jipya. Ofisini kwao kuna chumba kidogo cha mafaili chenye mlango unaofungika. Kiti kimoja, meza moja, na ruhusa ya kufunga mlango mara mbili kwa siku: hilo linawezekana hata katika ofisi ya watu sita.

Wengine huuliza kama wa pili hupewa siku chache kuliko wa kwanza. Sheria ya Kenya haikuweka tofauti hiyo. Wenzetu wa Tanzania Bara, kwa sheria yao ya mwaka 2004, hupata siku 84 zenye malipo, au 100 wakizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, lakini likizo hiyo hufungamana na mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuilipia zaidi ya mara nne. Kwa upande mwingine, wao wana saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Uganda hutoa siku 60 za kazi. Kila nchi ina neema yake na upungufu wake.

Maziwa na joto la Mombasa

Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Muislamu atakumbuka kwamba Kurani nayo imetaja miaka miwili kamili. Lakini likizo ni miezi mitatu. Hiyo mitatu iliyobaki ndiyo inayowatoa jasho akina mama.

Watu wengi hukimbilia maziwa ya kopo. Aliyelazimika asijione mkosaji. Lakini tukumbuke mahali tunapoishi. Maji ya mfereji kisiwani hapa huja leo yakakatika kesho. Wengi tunanunua maji ya mkokoteni katika mitungi ya lita 20, na visima vya Mji wa Kale vingi maji yake ni ya chumvi. Maziwa ya kopo yanataka maji safi yaliyochemshwa, na vyombo vilivyochemshwa, kila mara. Asiye na uhakika wa maji amhofie mwanawe kuharisha.

Njia nyingine ni kukamua. Si lazima ununue mashine. Mikono iliyooshwa vizuri na chombo safi chenye kifuniko vinatosha. Anza wiki mbili kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, asubuhi wakati maziwa ni mengi. Mwanzoni yatatoka kidogo, usivunjike moyo. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita kwa kawaida hunywa kiasi cha mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima usiku na mchana, kwa hivyo kwa zile saa tisa usizokuwapo huhitaji ndoo. Robo lita hadi theluthi moja ya lita, ikigawanywa mara tatu au nne, huwatosha wengi.

Sasa joto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kiasi cha saa nne nje ya friji, lakini hiyo ni katika nyuzi 25 au chini yake. Mombasa mchana wa kaskazi huvuka nyuzi 30. Kwa hivyo usiyaache mezani. Katika friji, nyuma kabisa na si mlangoni, hukaa siku nne. Umeme ukikatika, au ukiwa njiani, yatie katika kikasha chenye barafu, na yatafika salama. Unapotaka kumpa mtoto, weka kikombe cha maziwa ndani ya maji ya moto yapate uvuguvugu. Usiyachemshe. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya saa mbili, au yamwagwe.

Mpe kwa kikombe kidogo safi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Na anayempa asiwe mama. Mtoto akimsikia mama yake harufu, kikombe atakikataa.

Kuna mambo mawili ya kliniki ambayo mama anayerudi kazini husahau. La kwanza ni chanjo. Baada ya zile za kuzaliwa, mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Miezi mitatu ni wiki 13. Maana yake, chanjo ya tatu huangukia juma lile lile unalorudi kazini au linalofuata. Omba ruhusa ya asubuhi hiyo mapema, au umpe baba kijitabu cha kliniki ampeleke yeye.

La pili ni mimba. Wazee walisema anayenyonyesha hashiki, na kuna ukweli ndani yake, ila una masharti: mtoto awe hajatimiza miezi sita, mama awe hajaona siku zake, na mtoto awe ananyonya tu, mchana na usiku bila kuachana kwa saa nyingi. Ukirudi kazini, sharti hilo la mwisho linalegea. Wapo waliodhani bado wamekingwa, wakarudi nyumbani na mimba ya tatu kabla ya wa pili kutambaa. Ushauri wa afya ni kungoja angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Nenda kliniki kabla likizo haijaisha, useme kwamba unanyonyesha, maana si kila kidonge kinamfaa anayenyonyesha.

Mkubwa naye ni mtoto

Katika wiki ile, mtu niliyemwonea huruma zaidi hakuwa mchanga. Alikuwa yule wa miaka minne. Kwa miezi mitatu alikuwa na mama yake nyumbani, lakini hakuwa naye. Alimwona kutwa amembeba mwingine. Sasa mama anatoka, na katika akili yake anaondoka kwa sababu ya huyu mgeni.

Nilimkumbuka binti yangu wa mwaka 1993. Laiti ningejua ninayoyajua leo, ningekaa naye dakika kumi tu kila nikirudi, kabla ya kumchukua mchanga. Mchanga hajui saa. Mkubwa anajua nani alikumbatiwa kwanza mlangoni. Mpe kazi ndogo ya heshima: yeye ndiye mlinzi wa leso ya mtoto, yeye ndiye wa kumwambia mama mtoto alicheka mara ngapi. Usimwambie, "Wewe ni mkubwa sasa, usilie." Ana miaka minne.

Yaya naye ana mwana

Tuseme sasa juu ya yaya. Binti yangu alikuwa amempata msichana kutoka bara ya Kwale. Alipiga hesabu: mshahara wake, toa yaya, toa nauli, toa chekechea. "Kinachobaki ni kidogo sana, mama mkubwa. Ni kama nafanya kazi ili nimlipe yaya."

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, mshahara wa yaya usiukate kwenye mshahara wako peke yako. Mtoto ana baba. Gharama ya kumlea mtoto ni ya nyumba, na ikikatwa kwenye mishahara yote miwili, hesabu inabadilika. Pili, miaka hii ya ghali ni michache. Mtoto atafika chekechea, lakini kazi iliyoachwa, na miaka ya utumishi iliyokatika, hairudi kwa urahisi katika mji ambao vijana wenye vyeti wamejaa mabarazani.

Na nikaongeza la tatu, ambalo hakulipenda. Yule msichana ana mtoto wa miaka miwili aliyemwacha kwa mama yake. Sheria ya Ajira inamhesabu naye kuwa mfanyakazi. Ana kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa miji mikubwa, Mombasa ikiwa mmojawapo, kilivuka Sh15,000 kwa mwezi tangu mwaka 2022. Ana siku yake ya kupumzika. Akizaa, likizo ya uzazi ni yake vile vile. Hatuwezi kumlilia mwajiri wetu atuhurumie, halafu tukifika nyumbani tuwe waajiri wabaya kuliko yeye. Tena, mtu unayemkabidhi mwanao, ukimdhulumu unamdhulumu aliye naye mkononi kutwa.

Baba yuko wapi

Alhamisi nilimwita bwanake. Ni kijana mstaarabu, anafanya kazi ya zamu bandarini Kilindini. Nilimwuliza kama alichukua likizo yake ya baba. Sheria ile ile ya 2007 inampa mume wiki mbili zenye mshahara kamili. Alisema alichukua siku nne, akaona aibu kwa wenzake, akarudi.

Sikumkemea. Nilimwonyesha barua ya mkewe. Aliisoma mara mbili. Alikuwa hajui.

Wahenga wamesema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tumeugeuza usemi huo tukadhani mkono wa pili ni wa mavyaa, au wa yaya, au wa jirani. Mkono wa pili ni wa baba. Si kwamba akina baba wetu ni wabaya. Wengi hawakuwahi kuonyeshwa. Anayejua kuendesha winchi ya tani nyingi hawezi kushindwa na nepi.

Tulikaa watatu tukapanga. Chumba cha juu katika nyumba hii ya Kibokoni kilikuwa na masanduku tu. Tuliamua kwamba kutoka Jumapili usiku hadi Ijumaa wote wanne watalala hapa, mpaka mtoto atimize miezi sita. Bwana alinung'unika kidogo, mwanamume hapendi kulala ukweni, kisha akakubali. Yaya atakuja naye, na mimi nitakuwapo. Mama atarudi kutembea zile dakika kumi saa saba mchana, kama kwa wa kwanza. Baba atampeleka mkubwa chekechea akiwa si zamu ya asubuhi.

Najua si kila mtu ana chumba cha juu Mji wa Kale. Lakini wengi wetu tuna kitu ambacho hatujakiuliza: shangazi anayekaa karibu na ofisi, mwenzako kazini aliye na kichanga ambaye mnaweza kushirikiana yaya, bosi ambaye hajawahi kuombwa abadilishe saa. Aibu ya kuomba imewafukuza kazi akina mama wengi kuliko waajiri.

Siku ya kwanza

Nilimshauri arudi kazini siku ya Alhamisi, si Jumatatu. Mwili na moyo hustahimili siku mbili, kisha huja mapumziko ya kutazama kilichoharibika. Siku tatu kabla yake tulifanya majaribio. Alitoka asubuhi, akaenda kukaa Marikiti na kwa rafiki yake hadi adhuhuri. Mtoto alikataa kikombe. Alilia hadi yaya naye akalia. Siku ya pili alikunywa vijiko vitatu. Siku ya tatu alikunywa yote akalala.

Alhamisi yenyewe alikuta meza yake imekaliwa na kijana aliyeshika nafasi yake. Bosi akamwambia kwa upole kwamba, kwa kuwa sasa ana watoto wawili, wamemfikiria kazi nyepesi ya mapokezi, na kwamba marupurupu ya kazi ya zamani yatasimama "kwa muda". Zamani angeinamisha kichwa. Safari hii alisema anashukuru, lakini angependa kuzungumza kwa maandishi. Usiku ule tuliandika barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, ikitaja tarehe ya taarifa yake ya likizo, kazi aliyoiacha, na sheria inasema nini juu ya kurudi. Mwisho aliomba ufunguo wa chumba cha mafaili mara mbili kwa siku.

Ufunguo alipewa siku ya pili. Meza ilichukua wiki tatu, na marupurupu ya mwezi ule mpaka leo wanavutana. Sitawadanganya kwamba yote yamekuwa mazuri. Mtoto sasa hulala mchana na kunyonya usiku kucha, kana kwamba analipiza deni. Mama amekonda. Kuna siku alikuja saa saba akaketi ngazini akalia dakika tano kabla ya kupanda. Nilimwambia kwamba uchovu ni kitu cha kawaida, lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, ukakosa usingizi hata mtoto akilala, au ukaona huna raha na chochote, hiyo si ya kuvumiliwa kimya. Ni maradhi yanayotibika, na kliniki ile ile ya mtoto ni mahali pa kuyasema.

Ile barua ya kuacha kazi? Wiki ilipotimia nilimtolea kama nilivyoahidi. Hakuichana, watu huchana barua katika sinema. Aliikunja, akasema, "Iweke tu, mama mkubwa. Nikiihitaji nitakuja kuichukua."

Iko katika kabati langu, chini ya leso. Na wewe mama msomaji, uliye na barua kama hiyo, kabla hujaipeleka kwa bosi, mwonyeshe kwanza mumeo. Huenda akawa hajui.

Tuonane Jumapili ijayo, inshallah.